Honi ya Asubuhi

"Simama kabla ya mstari, si juu ya mstari," Mwalimu alisema, na kwa mara ya nne asubuhi ile akakanyaga breki ya upande wake.

Gari la mafunzo likatikisika, likatulia. Nyuma ya usukani alikaa nesi mstaafu wa miaka sitini na mmoja. Nusu ya mji ilikuwa imechomwa sindano na mkono wake, wala mkono huo haukuwahi kutetemeka, lakini mbele ya taa nyekundu alitoka jasho kama anayesubiri kuchomwa yeye.

"Mstari nimeuona," alijitetea. "Mguu ndio haukuuona."

"Basi tuambie mguu. Weka klachi chini. Tazama mbele."

"Nikitazama mbele, klachi ataitazama nani?"

Mwalimu alicheka. Alikuwa amefundisha udereva miaka kumi na miwili, na njia panda ile ya posta ndiyo ilikuwa darasa lake. Kila mwanafunzi alipitishwa pale saa mbili kasorobo asubuhi, barabara ikiwa imejaa, kwa sababu aliamini kwamba mtu anayeweza kutulia pale atatulia popote. Mbele yao, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, mama mmoja mfagiaji wa barabara alikuwa akivuka polepole na toroli lake la takataka. Alivaa fulana ya rangi ya machungwa ambayo hata kipofu, kama alivyopenda kusema mwenyewe, angeiona akijitahidi.

Honi ikalia upande wa kulia. Mara mbili, fupifupi: pi, pii. Mwalimu aliijua honi ile kama anavyojua kikohozi cha mtu anayelala naye. Gari jeusi lenye namba za ubalozi likawapita kwenye njia ya pembeni iliyokuwa tupu, taa ikiwa nyekundu. Mfagiaji akageuka, akatabasamu, akainua mkono. Gari likamgonga, mkono ukiwa bado juu.

Toroli lilipinduka kwanza, kisha yeye. Nesi alikuwa ameinamia klachi yake, hakuona kitu. Lakini aliposikia kishindo alifungua mlango akatoka mbio, gari likiwa bado kwenye gia, na Mwalimu akabaki amekanyaga breki kwa miguu yote miwili, akimtazama mume wake akishuka kutoka gari jeusi.

Mtaani walimwita Balozi. Alikuwa dereva tu, lakini miaka tisa ya kuvaa suti nyeusi na kurudi nyumbani na hadithi za askari wanaompigia saluti ilitosha kumpa cheo hicho, nusu kwa heshima, nusu kwa mzaha. Masikini, aliipenda ile saluti. Hakuwahi kujiuliza kama inapigiwa yeye au namba za gari.

Sajenti wa trafiki alifika kabla ya gari la wagonjwa. Nesi alikuwa ameshaufunga mguu wa mfagiaji kwa mti wa ufagio na mtandio wake mwenyewe, akitoa amri kwa watu waliokusanyika kama vile yuko wodini.

"Leseni," Sajenti alimwambia Balozi.

"Afande, namba za gari umeziona?"

"Nimeziona."

"Basi unajua kwamba gari hili haliguswi." Alisema kwa sauti, maana watu walikuwa wengi na alikuwa anatetemeka.

"Gari siligusi," Sajenti alijibu kwa upole. "Nakuomba leseni yako wewe."

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka Katibu wa Pili wa ubalozi, mtu mrefu, uso umemwisha damu. Alionyesha kitambulisho chake. Sajenti akakitazama, akakirudisha, akapiga saluti. Katibu alivua koti lake akaliweka chini ya kichwa cha mfagiaji, akasimama pale dakika nzima bila kujua mikono aiweke wapi. Kisha gari jingine likaja kumchukua. "Tutalishughulikia," alimwambia dereva wake, akaondoka bila koti.

Balozi naye akatoa kitambulisho chake, kile kilichoning'inia shingoni kila siku ndani ya mfuko wa plastiki. Sajenti hakusoma mbele. Alikigeuza, akasoma nyuma, akamrudishia.

"Nenda kasome nyuma," alisema. "Leseni, tafadhali."

*

Maandishi ya nyuma yalikuwa madogo, tena ya lugha ya kigeni ambayo Balozi aliijua kwa kusikia tu: kushoto, kulia, subiri, upesi. Jioni ile alimpa binti yake, aliyekuwa kidato cha tatu na ambaye walimu walimsifu kwa lugha. Binti alikitoa kitambulisho kwenye plastiki. Kwa miaka tisa hakikuwahi kutolewa, kikawa kimegandana nayo.

"Mwenye kadi hii," alisoma polepole akitafsiri, "ni mfanyakazi aliyeajiriwa hapa hapa nchini. Kadi hii haimpi... haimpi kinga yoyote mbele ya sheria."

"Rudia."

"Baba, ndivyo ilivyoandikwa."

"Nimesema rudia."

Binti akarudia. Mwalimu alikuwa jikoni akijifanya anaosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa. Alimwonea huruma mume wake, na alimkasirikia, na vyote viwili vilimjia kwa mara moja hata hakujua kipi akitangulize.

"Miaka tisa," Balozi alisema. "Miaka tisa naitundika shingoni kama hirizi."

"Ulikuwa unaivaa upande wa mbele, baba," binti alisema. Hakuwa na nia mbaya. Baba yake akainuka akaenda kuoga.

*

Siku ya tatu Sajenti alikuja ofisini kwa Mwalimu, chumba kimoja chenye meza, picha za alama za barabarani na kiti ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Mwalimu alimpa kiti kizima, yeye akakaa kwenye kile kibovu.

"Nimemhoji mwanafunzi wako," Sajenti alisema. "Unajua amenijibu nini? 'Afande, nilikuwa natazama klachi.' Nikamuuliza taa ilikuwa na rangi gani. 'Klachi haina rangi,' anasema."

Hakuna aliyecheka sana.

"Watu wengine wote waligeuka baada ya kishindo. Kwa hiyo aliyeiona taa ni wewe peke yako. Na mume wako. Yeye ameandika kwamba hakumbuki."

"Na aliyekuwa nyuma?"

"Huyo simuulizi. Nikimuuliza nitaulizwa mimi." Sajenti alifungua daftari lake, akalifunga. "Sikiliza, dada yangu. Wewe ni mke wake. Sheria hainiruhusu nikulazimishe useme. Ukinyamaza, hakuna wa kukugusa."

"Kwa hiyo na mimi nina kinga."

"Ukipenda kuiita hivyo."

Mwalimu alitazama picha ya taa za barabarani ukutani, ile aliyoichora mwenyewe kwa rangi za mafuta. "Nikinyamaza, yule mama anakuwaje?"

Sajenti alishusha pumzi. Alieleza kwamba bima ya gari ndiyo inayopaswa kumtibu na kumfidia mfagiaji, lakini watu wa bima wanataka ijulikane kosa ni la nani. Polisi wangejua kwa kukagua gari, na gari la ubalozi halikaguliwi. Kwa hiyo kama hakuna ukaguzi, hakuna shahidi, na dereva hakumbuki, faili litakaa kabatini mpaka lijae vumbi. "Na yeye ni kibarua. Siku asiyofagia hailipwi," alimalizia.

"Kesi ni lini?"

"Jumatatu ijayo."

"Nipe mpaka Jumatatu," Mwalimu alisema. Baada ya Sajenti kuondoka alibaki amekaa kwenye kiti kile kibovu, akiyumba, mpaka mwanafunzi wa saa tano alipobisha hodi.

*

Katibu alikuja nyumbani Jumamosi alasiri. Alikuja kwa teksi, akashukia barabara kuu na kutembea, ili gari la ubalozi lisionekane mlangoni kwao. Hakujua kwamba mtu mrefu wa kigeni anayetembea peke yake huonekana zaidi ya gari lolote. Majirani walikuwa na kazi nyingi sana za kufanya nje alasiri ile.

Binti alimwamkia, akamletea maji. Katibu alizungumza Kiswahili safi, cha kujifunza darasani, kila neno limepigwa pasi.

"Ninasikitika sana. Nimeomba ruhusa kwetu ili nitoe ushahidi. Wamenikatalia. Kinga hii si mali yangu, ni ya serikali yangu, na mimi siwezi kuivua kama nilivyovua koti."

"Tunaelewa, mheshimiwa," Balozi alisema. Alikuwa amekaa ncha ya kochi lake mwenyewe, kama mgeni.

"Lakini ipo njia." Katibu alitoa karatasi iliyopigwa chapa. "Gari liko kwenye karakana yetu. Hakuna mtu wa nje atakayeruhusiwa kulifungua. Ukiiambia mahakama kwamba breki zilishindwa, hakuna atakayeweza kusema kwamba hazikushindwa. Kesi itakwisha, na kazi yako itakuwa pale pale."

Karatasi iliwekwa mezani kando ya bilauri ya maji. Balozi aliitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani.

"Na mfagiaji?" Mwalimu aliuliza.

"Itakuwa ni ajali. Hapatakuwa na mwenye kosa."

"Nimeuliza mfagiaji atakuwaje, mheshimiwa. Sikuuliza kosa."

Katibu hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi kumfukuza. Aliyatazama maji yake. "Nitampelekea msaada kwa siri. Kiasi nitakachoweza."

"Asubuhi ile ulimwambia nini mume wangu?"

"Mama binti," Balozi alimkatiza.

"Namuuliza tu."

"Nilisema, 'pita tu,'" Katibu alijibu. "Nilikuwa nimechelewa mkutano."

"Mkakutana?"

"Nilipofika niliambiwa umeahirishwa."

 Nje jirani mmoja alianza kufagia uwanja uliokuwa umefagiliwa tangu asubuhi. Katibu alimaliza maji yote kwa adabu, akaaga, akarudi barabarani kwa miguu. Karatasi ikabaki mezani.

"Usinitazame hivyo," Balozi alimwambia mke wake. "Nina miaka arobaini na saba. Nje ya usukani sijui hata kupigilia msumari. Huyu mtoto amebakiza mwaka na nusu shuleni. Unataka nikamwambie hakimu nini?"

"Sijasema kitu."

"Ndiyo hiyo! Husemi kitu! Ungesema ningekujibu!"

Mwalimu aliichukua bilauri, akafuta alama ya maji pale mezani. "Mimi Jumatatu sitasema dhidi yako," alisema. "Sheria imeniruhusu kunyamaza na nitanyamaza. Lakini Jumanne nina mwanafunzi, na nitampeleka pale pale posta, na taa ikiwa nyekundu itabidi nimwambie asimame. Sasa nifundishe wewe. Nitamwambia kwa mdomo upi?"

 Balozi aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa suti, pale ilipokuwa ikikaa kalamu ya kutia sahihi safari za gari.

*

Jumapili walikwenda hospitali. Balozi hakutaka kwenda, lakini hakutaka pia mke wake aende peke yake. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda ishirini, na mfagiaji alilala cha mwisho karibu na dirisha, mguu umefungwa plasta kuanzia kidole hadi nyonga. Bila ile fulana ya machungwa alionekana mdogo, mama wa makamo aliyefunga kilemba kilichofifia.

"Baba wa honi!" aliita alipomwona. "Jamani, umekuja mwenyewe! Karibuni, kaeni hapo kitandani, kiti kimechukuliwa."

Walikaa. Balozi alisema pole mara tatu, na kila mara ilitoka ndogo kuliko iliyotangulia.

"Nimeshapoa, mwanangu. Mimi ndiye wa kukupa wewe pole. Nasikia wamekuchukulia leseni, wanakusumbua polisi. Kwa ajili yangu!"

"Mama, wewe ndiye uliyegongwa," Mwalimu alisema.

"Nimegongwa kwa uzembe wangu." Mfagiaji alijiinua kidogo, akashusha sauti kama anayeungama. "Wewe, mama, hujui. Huyu bwana ni mtu wa watu. Mwaka wa sita huu, kila asubuhi akinipita hunisalimia kwa honi. Magari yote yale makubwa, hakuna mwingine anayejua kwamba nipo. Yeye, pi pii! Nami humwinulia mkono. Wenzangu wa upande wa soko hunionea wivu, wanasema mfagiaji ana mtu ubalozini." Alicheka, akashika ubavu kwa maumivu. "Sasa siku ile nikasikia pi pii. Nikajua ananisalimia. Kumbe mwenzangu ananiambia pisha! Badala ya kukimbia, nikageuka nimwinulie mkono. Unaona ujinga huo? Akija afande nitamwambia hivyo hivyo, kosa ni langu. Usijali, mwanangu."

Balozi alikuwa ameinamisha kichwa. Mwalimu aliyaona masikio yake yakibadilika rangi.

"Kuna kitu naomba mnisaidie," mfagiaji aliendelea. Kutoka chini ya mto alitoa koti la Katibu, limekunjwa vizuri. "Mrudishieni mwenyewe. Damu imetoka, nimemwomba binti wa kitanda cha tatu akanisugulia kwa sabuni, ila pale kwenye kola imebaki kidogo. Nimekuwa na wasiwasi nalo sana. Ni koti la bei."

Mwalimu alilipokea. Alipogeuka, mume wake hakuwepo. Alimkuta nje kwenye ngazi za wodi, amekaa chini na suti yake nyeusi juu ya saruji yenye vumbi, ameshika tama. Alikaa kando yake na koti la watu mapajani. Hawakuinuka mpaka kengele ya kumaliza kutazama wagonjwa ilipolia.

*

Chumba cha mahakama kilikuwa na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Sajenti alimtupia Mwalimu jicho mara moja, akaona amefumbata mikono, akaelewa, akatazama pembeni. Nesi mstaafu alikuwa amekuja pia, amevaa nguo yake ya sherehe, ingawa hakuna aliyemwita.

Hakimu, mwanamke mwenye miwani iliyoteremka puani, alisoma shitaka: kuendesha gari bila uangalifu, kupita taa nyekundu, kumjeruhi mtu kwenye kivuko. "Ni kweli au si kweli?"

Balozi aliingiza mkono mfuko wa ndani. Mwalimu alijua kilichomo. Moyo ulimdunda hata akaogopa nesi ataupima. Karatasi ikatoka, imekunjwa mara nne. Balozi aliishika, hakuikunjua.

"Ni kweli, mheshimiwa."

Kalamu ya karani ikasimama. "Unasema kweli kwa yote?" hakimu aliuliza. "Uliandika polisi kwamba hukumbuki."

"Nakumbuka. Taa ilikuwa nyekundu."

"Gari lilikuwa na hitilafu?"

"Hapana. Breki zake ukizigusa kwa kidole gari linasimama. Sikukanyaga."

"Kwa nini hukukanyaga?"

Balozi aliikunja karatasi kwa mara ya tano. Mtu mmoja nyuma akakohoa. "Nilipiga honi," alisema hatimaye.

Watu wakacheka. Hakimu alipiga meza, lakini na yeye mdomo ulimcheza. Balozi alingoja kicheko kiishe, jasho likimtiririka kwenye kola.

"Nimezoea, mheshimiwa. Miaka tisa nikipiga honi watu hupisha. Na yule mama nimezoea kumsalimia kwa honi hiyo hiyo. Kwa hiyo aliposikia, hakukimbia. Alinigeukia, akaniinulia mkono." Akainua wake kidogo, bila kukusudia, kisha akaushusha. "Anasema kosa ni lake. Nimekuja kusema si lake."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Kulikuwa na mtu aliyekuamuru upite?" hakimu aliuliza. Kila mtu pale alijua anauliza nini, na kila mtu alijua kwamba jibu lake halingemfikia aliyehusika.

"Kulikuwa na mtu nyuma, mheshimiwa. Alisema nipite. Lakini kiti cha nyuma hakina pedali."

Mwalimu alilia pale pale, wazi, bila kutafuta kitambaa. Nesi akampa mtandio, ule ule uliofunga mguu wa mfagiaji, umefuliwa na kupigwa pasi.

Walimnyang'anya leseni mwaka mmoja na nusu, na faini juu, ambayo Mwalimu aliilipa kwa pesa ya paa la jikoni. Wiki ya pili ikaja barua ya ubalozi. Ilimshukuru kwa utumishi wake uliotukuka na kumwomba arudishe suti mbili, viatu na kitambulisho. Binti alizipanga suti kwenye mfuko pamoja na koti la Katibu. Balozi alikwenda kuvikabidhi getini, kwa mlinzi ambaye zamani walikuwa wakitaniana kila siku. Mlinzi alihesabu vifungo, akamwandikia risiti, na hakuinua macho.

Watu wa bima, baada ya kukosa pa kujificha, walilipa.

*

Mwaka na nusu ni mrefu kwa mtu asiyejua kupigilia msumari. Alijifunza kupigilia. Aliosha magari ya mafunzo, akatengeneza kile kiti kibovu ofisini kwa mke wake, akapaka mistari myeupe kwenye uwanja wa mazoezi, iliyonyooka kuliko ya barabarani. Wanafunzi walimwita Fundi. Mtaani waliendelea kumwita Balozi kwa muda, kisha mzaha ukaisha utamu wakaacha. Wakati huo binti alifanya mtihani wake wa mwisho, na Katibu alihamishiwa nchi nyingine, akaagwa kwa karamu.

Sheria ilitaka aliyenyang'anywa leseni aanze upya, na mafunzo na mtihani. Kwa hiyo asubuhi moja saa mbili kasorobo alikaa nyuma ya usukani wa gari dogo lenye herufi nyekundu mbele na nyuma, magoti yamegusa dashibodi, mke wake akiwa kiti cha pembeni na breki yake.

"Vioo," Mwalimu alisema.

"Nimeviangalia."

"Viangalie tena. Wewe ni mwanafunzi."

Posta taa ilikuwa nyekundu. Alisimama kabla ya mstari, pengo la hatua moja kamili, na Mwalimu, ambaye mguu wake ulikuwa umeshainuka, akaurudisha chini taratibu.

Mfagiaji alikuwa ukingoni. Toroli walimpa mwingine. Yeye siku hizi aliokota karatasi kwa fimbo yenye ncha, na fimbo hiyo hiyo aliitegemea kutembea, kwa sababu mguu ulipona mfupi. Alishuka kwenye kivuko. Alikuwa amefika katikati ndipo gari jeusi lenye namba za ubalozi likatokea kulia, jipya, na dereva mpya kijana mwenye suti. Likapiga honi mara moja, ndefu, likapita nyekundu mbele ya pua yake.

Mfagiaji hakuinua mkono. Alijikunyata, akakumbatia fimbo kwa mikono yote miwili, akasimama pale pale katikati ya barabara amefumba macho. Gari lilikuwa limeshapotea, yeye bado amefumba.

Dereva wa gari la mafunzo aliteremsha kioo, akatoa kichwa nje.

"Habari za asubuhi, mama!" aliita.

Mfagiaji alifumbua macho. Alitafuta sauti kwenye magari makubwa kwanza, kama alivyozoea, kisha akashuka nayo mpaka kwenye kale kagari kenye herufi nyekundu. Akamtambua. Uso ukamfunguka wote.

"Nzuri, baba! Leo bila honi?"

"Leo kwa mdomo."

Aliinua mkono, akaanza tena kutembea, fimbo kwanza, kisha mguu mzima, kisha mguu mfupi. Taa ikawaka kijani. Nyuma yao gari moja likapiga honi, likafuata la pili, mtu akatukana.

"Kijani," Mwalimu alisema. "Twende."

"Hajafika ng'ambo," mume wake alijibu, na mguu ukabaki kwenye breki.